Sufuria Moja kwa Nyumba Nzima

Mtu mzima anapoambiwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu limepanda, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi za hapa Kisumu ni kutengewa sufuria yake. Yeye hupikiwa mboga isiyo na chumvi, huku watoto wakiendelea kula omena waliokaangwa kwa mafuta mengi na kunywa chai iliyokolea sukari. Kwa maoni yangu mpango huo haudumu, kwa sababu mgonjwa huuona mlo wake kuwa adhabu, mpishi huchoka kusimamia vyakula viwili, na watoto hukua wakiamini kwamba chakula bora ni cha wagonjwa.

Kwetu Nyalenda, Baba Akinyi alipoambiwa hivyo, tuliamua kupunguza kwa wote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo. Kiasi hicho kinajumuisha chumvi iliyomo tayari katika mkate na viungo vya pakiti, ndiyo maana kikopo cha chumvi hakikai tena mezani. Linalosahaulika ni magadi. Wengi wetu huyatia katika mrenda na kunde ili zilainike upesi, ilhali magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi. Basi anayepunguza chumvi na kuendelea kutia magadi amefunga mlango akaacha dirisha wazi.

Mboga zetu sasa ziko chini ya mama mkwe, ambaye watoto humwita Dani. Managu huyachemsha, akamwaga maji, akatia maziwa na kuyaacha yalale, kisha siku ya pili huyachemsha tena. Uchungu hupungua na ladha hukolea pasipo kuhitaji viungo vya pakiti. Kuchambua majani ni kazi ya watoto, na nimeona kwamba mtoto aliyechambua mboga mwenyewe huila bila kubembelezwa sana. Omena huoshwa kwa maji moto, wakapikwa kwa nyanya na vitunguu, na kwa kuwa samaki hao huliwa wazima pamoja na mifupa, huwapa watoto kalsiamu ya kutosha kuthaminiwa.

Kuhusu mazoezi, watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, na watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki, ambazo hazidai ada ya ukumbi wowote. Jumapili jioni tunatembea sote hadi ufuo wa Dunga. Kwenda si tatizo. Ubishi huanza wakati wa kurudi, maana bodaboda wamejaa njiani na watoto wanawajua kwa majina. Siku nyingine kamba ya kuruka na safari ya sokoni kwa miguu hutosha.

Baba Akinyi hakuacha dawa zake, wala hapaswi kuziacha ila kwa neno la daktari. Soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, tumeiachia sherehe, na siku hiyo Dani hataki mjadala: yake ni baridi, na ni chupa nzima.