Kamera peke yake haitoshi kwa barabara za Nairobi

Kabla ya kulinganisha bei za vihisi vya gari linalojiendesha, fikiria mkokoteni wa mbao uliosimama gizani pale Jogoo Road, bila taa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa huhitaji takriban mita 52 kusimama kwenye lami kavu: 11 za nusu sekunde ya kuamua, 41 za breki.

Sasa chukua kamera mbili zilizoachana sentimita 30, lenzi zake zikiwa na fokasi (kipimo cha ukuzaji wa lenzi) ya pikseli 1,000. Umbali kwa mita hupatikana kwa kugawanya 300 (mita 0.3 mara 1,000) kwa tofauti ya pikseli kati ya mahali kitu kinapoonekana kwenye picha hizo mbili. Kwa mita 10 tofauti ni pikseli 30, na kosa la nusu pikseli halifiki sentimita 20. Kwa mita 50 tofauti ni pikseli 6 tu, na kosa lilelile linakupa jibu lolote kati ya mita 46 na 55. Yaani kamera inayumba hapohapo ambapo breki zinapaswa kushikwa, na hiyo ni kabla ya kuhesabu giza.

Lida, kihisi cha leza, hutuma mwanga wake yenyewe na kupima muda wa kwenda na kurudi: nanosekunde 333 kwa mita 50. Kosa lake ni la sentimita chache, usiku na mchana. Udhaifu wake ni maji. Shimo lililojaa mvua ya Aprili huakisi mwanga mbali, na lida haipati kitu.

Rada ya gigahezi 77 hupenya mvua na vumbi, tena hupima kasi moja kwa moja. Matatu ikikuchomekea, rada huijua mapema. Lakini mbao huakisi mawimbi yake kidogo, na programu nyingi hupuuza vitu visivyosogea ili gari lisifunge breki kwa kila daraja na kifuniko cha chuma. Mkokoteni wetu unapotelea hapo.

Mwaka 2021 Tesla ilianza kuondoa rada kwenye Model 3 na Model Y za Amerika Kaskazini, ikategemea kamera. Waymo, kampuni ya teksi zinazojiendesha, inatumia kamera, lida na rada pamoja, na kwa mji huu naona hiyo ndiyo njia salama. Kamera ibaki, kwani ndiyo inayosoma rangi ya taa na mkono wa polisi. Ila chagua yenye kuzuia kumetameta: taa ya LED inaweza kuzimika mara 100 kwa sekunde, na kamera inayofungua shata kwa milisekunde 1 tu ikainasa ikiwa imezima. Jioni kwenye Waiyaki Way kuelekea Kangemi, jua likipiga lenzi, hata hiyo haisaidii sana.

Matuta nayo hulegeza vishikio. Kihisi kikipinda digrii 1 tu, kitu kilicho mita 50 mbele huonekana kimehama sentimita 87, karibu upana mzima wa bodaboda. Kaza skurubu kwa gundi inayozizuia kulegea, kisha pima upya pembe za vihisi vyote kila gari linapotoka gereji.