Bastola ya bei kali na vumbi la Dodoma

Tofauti ya bei kati ya bastola niliyonunua na ile niliyokuwa naitamani ingenipatia madume matatu ya kunenepesha pale mnada wa Msalato. Nasema madume kwa sababu ndiyo hesabu ninayoielewa haraka. Nafanya biashara ya ng'ombe na mbuzi tangu nikiwa binti, na kitu chochote kikishazidi bei ya simu nakipima kwa mifugo. Kwa hiyo sikuhangaika sana na ipi nzuri, maana zote mbili ni nzuri. Nilitaka kujua hayo madume matatu yanakwenda kununua nini.

Nimeamua kuliandika kwa kirefu kwa sababu wenzangu wa mnadani wananiuliza, hasa akina mama, na mtaani wanachoambiwa ni majina ya kampuni tu.

Naishi Nkuhungu. Kazi yangu ni ya minadani: Msalato, Bahi, Pandambili, mara nyingine nafika hadi Kondoa. Siku hizi malipo mengi yanapita kwenye simu, na hilo limetupunguzia presha kubwa. Lakini mzee wa Kigogo aliyeswaga fahali wake kutoka kijijini bado anataka noti mkononi, azihesabu mwenyewe, na ana haki yake. Basi zipo alfajiri natoka na fedha, barabara ya vumbi, giza halijaachia. Niliomba leseni kwa sababu hiyo, nikapita ngazi kwa ngazi kuanzia serikali ya mtaa mpaka polisi. Kila ngazi nilihojiwa, na naunga mkono kuhojiwa. Silaha si ya kugawa kama kadi za harusi.

Hapa kwetu leseni inafungamana na silaha yenyewe, kwa namba zake, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huwezi kuamka kesho ukamuuzia jirani na kuchukua nyingine. Wanaosoma ushauri wa Wamarekani hilo huwapita. Kule mtu ananunua Glock 19 mpya kwa chini ya dola 700, mwezi unaofuata anaiuza, anaongeza, anachukua Staccato, bastola ya kifahari ya zaidi ya dola 2,000, asipoipenda nayo anaiuza. Ushauri wake ni wa mtu anayeweza kurudi nyuma. Wewe wa Dodoma ukishachagua, umechagua kwa miaka mingi, na bei ya kule ikishavuka bahari na kupita kwa wakala haifanani tena na ilivyokuwa.

Baada ya mchujo zilibaki mbili mezani: Glock 19 ya Austria, na SIG P226, ile ya bei kali.

Nikaanza na lile ambalo watu wengi wanaliamini, kwamba bastola ya gharama inapiga kwa nguvu zaidi. Si kweli kwa hizi mbili. Zote zinakula risasi ileile, milimita 9 kwa 19, aliyoibuni Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Mtutu wa SIG una milimita 112, wa Glock 19 una 102. Hiyo sentimita moja haibadilishi chochote cha maana kwa mtu wa kazi yangu. Magazini ya kawaida ya kila moja, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inabeba risasi 15. Kwa hiyo nguvu nimezikuta sawa, idadi nimeikuta sawa. Dume la kwanza bado liko zizini.

Kilichobaki ni utengenezaji, na hapo lazima niseme ukweli: SIG inavutia. Mwili wake ni wa chuma na alumini, inakaribia kilo moja ikiwa tupu, wakati Glock 19 ni kama gramu 600 tu kwa sababu mwili wake ni plastiki ngumu. Ule uzito wa SIG unatuliza mkono bastola inaporuka. Slaidi yake, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, ukiivuta inateleza bila kukwaruza popote. Niliirudia kuivuta zaidi ya ilivyohitajika.

Mzee wa duka, mwanajeshi mstaafu, aliniacha nifurahi kwanza. Kisha akaichukua, akatoa magazini, akavuta slaidi nyuma, akaingiza ncha ya kidole chake kidogo kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kuhakikisha hamna kitu, akanirudishia nami nikarudia vilevile mbele yake. Ndipo aliposema: "Mama, achana na uzuri wake. Weka kidole kwenye triga, halafu niambie kimefika wapi."

Kilifika pembeni. Triga ya P226, yaani kifyatulio chake, kwa risasi ya kwanza ina mvuto mrefu na mzito, karibu kilo nne na nusu, halafu zinazofuata zinakuwa nyepesi. Ili nipate kuivuta ile ya kwanza kwa nyama ya kidole na si kwa ncha, ilibidi niuzungushe mkono mpaka mgongo wa bastola ukatoka kwenye mstari wa kiwiko changu. Ukishika hivyo, teke lake linaishia kwenye kiungo cha dole gumba, na kilengeo kinayumba kabla hujamaliza kuvuta. Glock za kuanzia mwaka 2010, kizazi cha nne, zina vipande vya nyuma ya mpini unavyobandika au kubandua kulingana na mkono. Mzee alivitoa vyote. Kidole kikakaa katikati ya triga, mvuto ni ule ule mwanzo hadi mwisho, kama kilo mbili na nusu.

Kwa SIG zipo triga fupi za mikono midogo, sibishi. Lakini hapa Dodoma hiyo ni ya kuagiza, kusubiri, kulipia, na kutafuta fundi mwenye kibali wa kuifunga. Tayari bei ilishapanda na bado hata sijafyatua.

Nikaanza kusoma hizi bastola zilitoka wapi na kwa nini moja ni ghali. Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka kabisa. Jeshi la Uswisi mwaka 1949 lilichukua bastola ya SIG iitwayo P210. Walioishika wanasema ni kati ya bastola zenye shabaha kali kuliko zote zilizowahi kupewa askari. Kila moja ilichongwa kutoka kwenye chuma na kulinganishwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini kutengeneza kitu cha namna hiyo kwa jeshi zima ni gharama, na mwaka 1975 Waswisi wenyewe, watu wenye fedha zao, wakahamia kwenye P220, ambayo slaidi yake ilikuwa ya bati la chuma lililokandamizwa na kukunjwa, rahisi zaidi kutengeneza. Sasa sikia: P226 niliyokuwa naitamani imezaliwa na hiyo P220. Yaani bastola niliyoiona ya kifahari ilitokana na uamuzi wa kupunguza gharama.

Na Glock je? Gaston Glock hakuwa mtengenezaji wa bunduki. Karakana yake ilikuwa ikitengeneza visu na vifaa vingine vya jeshi. Jeshi la Austria lilipotangaza kuhitaji bastola mpya, alikusanya watu wanaozijua, akauliza wanataka nini, akatengeneza yenye vipande vichache na mwili wa plastiki. Jeshi likaichukua mwaka 1982. Bei yake ni ndogo kwa sababu kuitengeneza ni rahisi. Haikupunguzwa ubora ili iuzwe rahisi.

Kuna na Wamarekani. Mwaka 1984 walizipima bastola nyingi wakitafuta ya jeshi lao, mwisho zikabaki mbili zilizofaulu: SIG P226 na Beretta 92 ya Italia. Januari 1985 Beretta ikashinda. Bei ya bastola zenyewe ilikuwa karibu sawa. Kilichoamua ni jumla, pamoja na magazini na vipuri. Jeshi lenye fedha kuliko yote duniani liliamua kwa bei ya magazini! Tangu nisome hilo, mtu akinitajia bei ya bastola namuuliza kwanza: na magazini ya ziada ni kiasi gani, na inapatikana hapa nchini?

Swali hilo ndilo lililoniondoa pia kwenye ncha ya pili, ya bei ya chini kabisa. Maana nilionyeshwa moja ya hali hiyo, nakala ya zamani, magazini moja tu, na muuzaji hakuweza kuniambia ya pili itatoka wapi. Bastola inayokwama, mara nyingi sana shida iko kwenye magazini: midomo imepinda au springi imechoka. Ukiwa na moja isiyo na mbadala, silaha yako yote inategemea kipande cha bati. Kwa hiyo hatua ya kutoka bei ya chini kwenda bei ya kati naitetea kwa nguvu zote. Lipa hiyo tofauti, kopa ikibidi, au ahirisha. Rahisi ghali.

Ni hatua inayofuata, ya kutoka kati kwenda juu, ndiyo ninayoipinga kwa watu wa huku.

Na sababu yangu kubwa ni vumbi. Anayeijua Dodoma mwezi wa nane ananielewa. Upepo unaanza asubuhi, ukifika saa nane mchana hata mate unayatema mekundu. Kwenye uwanja wa shabaha tulikuwa na bwana mmoja mwenye bastola ya mashindano, aina iitwayo 1911. Muundo huo ni wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, ulipokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, na zile za vitani zilikuwa zimelegea kidogo kwa makusudi, zikavumilia matope. Yake ilikuwa imebanwa kwa mkono, slaidi na mwili vinagusana bila upenyo wa kuonekana, na hilo ndilo alilolipia. Siku za utulivu risasi zake zinakaa pamoja kwa namna ya kupendeza. Siku ile ya upepo slaidi ilianza kurudi taratibu, halafu ikawa haifungi mpaka mwisho, akaisukuma kwa kiganja, baadaye akaiweka chini. Vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa uji wa msasa, na kwenye upenyo mdogo uji huo hauna pa kukimbilia.

SIG P226 haijabanwa kiasi hicho, nisiisingizie. Makomando wa majini wa Marekani wameitumia miaka mingi, na jeshi la Uingereza pia, mahali penye mchanga kuliko kwetu. Isingeniangusha kwa vumbi. Ninachosema ni kwamba kadiri unavyopanda ngazi ya bei ukitafuta ile hali ya kubana na kung'aa, ndivyo unavyonunua kitu kisichopenda barabara ya Pandambili.

Glock yangu, maana ndiyo niliyonunua, naifungua kila nikitoka safari. Nalaza kitambaa cheupe mezani, nikishahakikisha ni tupu na risasi ziko chumba kingine. Slaidi ikitoka, kwenye reli zake unaona mstari mwekundu mwembamba, vumbi laini kama poda. Natumia brashi kavu ya meno, kisha tone dogo la mafuta sehemu chache, basi. Wengi wanamimina mafuta wakidhani wanailinda, kumbe kwa hali ya hewa yetu wanalialika vumbi.

Kwa anayeshindana shabaha, hesabu ni nyingine. Akisimama mita 25 anatafuta pointi moja, triga nyepesi na safi ya bastola ya gharama inamlipa kweli, na silaha yake inasafiri kwenye sanduku. Mimi mazoezi yangu ni ya mita saba, na kwa umbali huo mkono ndio unaoamua.

Sasa yale madume matatu. Moja liligawanyika: magazini mbili za ziada, na mfuko mgumu unaofunika triga yote. Glock haina sefti ya kubonyeza pembeni, usalama wake uko kwenye triga yenyewe, kwa hiyo mfuko laini wa ngozi unaokunjika ni hatari, usikubali hata ukipewa bure. La pili limekwenda kwenye risasi za mazoezi na kumlipa mkufunzi, na bado linaendelea kwenda.

La tatu ni sefu. Ni ya chuma, imefungwa kwa bolti nne ukutani, ndani ya kabati. Nina wajukuu wanaoshinda kwangu likizo nzima, wanafungua kila droo, wanapanda kila stuli. Nimesikia watu wanaoweka bastola chini ya godoro au juu ya kabati la nguo wakisema watoto hawajui. Watoto wanajua. Mtu anayenunua bastola ya mamilioni akakosa fedha ya sefu, kwa maoni yangu hajawa tayari kuwa na bastola yoyote, ya bei kali wala ya bei poa.

Kuna dada mmoja ananunua alizeti Kongwa, mrefu, mikono mikubwa, ameishika P226 na kidole kinafika vizuri. Aliniuliza kama aichukue. Nilimwambia achukue, mradi baada ya kulipa abaki na fedha ya sefu, magazini na mazoezi ya mwaka mzima. Akikosa hata kimoja, ashuke bei. Amepiga hesabu zake na bado anasubiri kibali. Kwa sasa anatafuta fundi wa kumfungia bolti ukutani.