Bitiruti za shangazi zilivyonifundisha utando wa seli

Swali lililoniangusha kwenye moko ya Biolojia, nikijiandaa kurudia kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, lilikuwa hili: kwa nini ioni ya sodiamu, kadogo kale, haipenyi utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka, na homoni za steroidi, ambazo ni kubwa zaidi, zinapita? Nilijaza nusu ukurasa nikieleza matundu. Nikaambulia sifuri.

Vitabu vilisema utando unachagua cha kupitisha, nami nikawaza chujio la chai. Vidogo vinapita, makapi yanabaki. Kwa picha hiyo swali halijibiki hata ukeshe.

Shangazi yangu anauza juisi hapa Tanga. Jumamosi moja, namenya bitiruti zake huku vidole vimeiva wekundu, nikakumbuka kwamba kuna jaribio la utando linalofanywa na bitiruti. Nikamwomba mbili. "Chukua, ila glasi zangu uzioshe mwenyewe."

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikata vipande nikavitumbukiza moja kwa moja kwenye glasi nne, na zote zikageuka nyekundu, hata ya maji baridi. Kumbe kisu kinapasua seli, na rangi iliyomwagika inabaki imeganda juu ya kipande. Nikakata vingine, nikasuuza na kusuuza mpaka maji yakatoka meupe.

Kipimajoto sina, nikapiga hesabu. Maji ya mtungi niliyakadiria nyuzi 28, yanayochemka ni 100. Kikombe kimoja cha moto kwa vitatu vya baridi kinakupa kama 46. Nusu kwa nusu ni 64, ukitoa joto linaloliwa na glasi, tuseme 60. Glasi ya tatu maji ya mtungi matupu, ya nne spiriti ya duka la dawa.

Baada ya robo saa maji ya mtungi yalikuwa meupe vilevile. Ya 46 yalikuwa na uwaridi wa kutafuta kwa macho. Ya 60 ungedhani ni juisi ya rozela. Hilo nililitegemea, maana joto linavuruga protini za utando na kuulegeza wote. Ila spiriti nayo ilikuwa nyekundu, na haikuwa ya moto hata kidogo.

Hiyo ndiyo iliyonikalisha chini. Rangi ya bitiruti inahifadhiwa ndani ya vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya seli, na ili itoke nje ni lazima ivuke tando mbili, wa vakuoli na wa seli yenyewe. Spiriti inazivunjaje bila moto? Inayeyusha mafuta. Basi ukuta wenyewe ni mafuta! Tabaka mbili za fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia, vichwa vinavyopenda maji vikitazama nje kila upande, mikia inayokimbia maji imejificha katikati, na unene wote haufiki nanomita 10. Gorter na Grendel, Waholanzi, mwaka 1925 walitoa mafuta ya seli nyekundu za damu wakayatandaza juu ya maji, wakapata eneo mara mbili ya lile la seli, yaani tabaka mbili. Baadaye ikabainika walikosea vipimo viwili, na makosa yakafutana. Zali kama hilo mimi kwenye moko sikulipata.

Kuanzia hapo sodiamu haikunisumbua. Ina chaji, na maji yameing'ang'ania pande zote. Kuyaacha ili izame kwenye mafuta ni kazi kubwa mno, hata iwe ndogo vipi. Steroidi ni ndugu wa mafuta, inapita kama iko kwao. Sodiamu inahitaji mlango wa protini. Kwenye utumbo kuna mlango unaoiingiza pamoja na glukosi, maji yakifuata nyuma, na ndiyo maana ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji anayopewa anayeharisha, ina sukari. Miaka yote nilidhani ni ya kumbembeleza mtoto anywe.

Mtihani wenyewe niliufanya, nikapata C, nami sina kinyongo nayo.

Jioni ile shangazi alikuta glasi zimepangwa mezani, mbili zikiwa nyekundu tii. "Hii rangi nzuri inamwagwa ya nini?" Akazinyanyua zote mbili kuelekea kwenye ndoo ya juisi. Niliruka kiti nikamdaka mkono wenye spiriti.