Cheti Kilichokuwa Sandukuni mwa Mama

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima tulikuwa tumepata sifuri. Kwa miezi michache aibu ile ilikuwa ya wengi, ikabebeka, kwa sababu huku kwetu Machame, Kilimanjaro, ilikuwa vigumu kupata ukoo usio na kijana wa kupewa pole. Kisha tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwaka huohuo, na baadhi ya wenzangu wakatoka kwenye sifuri wakaingia daraja la nne. Mimi nilibaki palepale. Hapo ndipo sifuri ilipoacha kuwa habari ya taifa, ikawa jina langu.

Nilishuka Dar es Salaam, nikapata kazi katika duka la vitenge Kariakoo, na nyumbani nikasema kwamba nasomea uhasibu. Uongo huo ulinigharimu zaidi ya nilivyotazamia, kwa kuwa Mchaga anayekaa mbali hudaiwa Desemba yake: barabara za mlimani hujaa magari, migomba hupaliliwa, mbuzi huchinjwa, na katikati ya furaha hiyo kila mmoja hupimwa kwa upole kama ametoka mjini na kitu au ametoka mikono mitupu. Krismasi mbili mfululizo nilisingizia mitihani. Niliirudia ile ya kidato cha nne mara moja kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafaulu masomo mawili, sikumwambia mtu.

Si kwamba nilikuwa nimeacha imani. Nilikwenda ibadani kila Jumapili, tena nilisali sana, lakini sala zangu zote zilikuwa ombi moja: Mungu anifanye mtu wa kuheshimika. Mhubiri mmoja aliniambia kwamba nilikuwa nimefungwa na roho ya mkia, wakati Kumbukumbu la Torati linaahidi kuwa kichwa, nami nikatoa sadaka ya kufunguliwa iliyokuwa karibu sawa na mshahara wa mwezi. Leo naona kasoro ya mafundisho yale kuwa kubwa kuliko ile fedha. Yalikubaliana kabisa na walionicheka, kwamba thamani ya mtu ni nafasi yake kwenye msululu. Yaliniahidi tu kunisogeza mbele.

Mabadiliko yalianzia mahali pasipo na utukufu wowote, kwenye kutafuta karatasi. Mwaka 2016 nilihitaji kitambulisho cha taifa, na sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Ili kukiomba nikiwa mtu mzima ilinipasa kuambatisha ushahidi, na cheti cha ubatizo kilikuwa kimojawapo cha vinavyokubalika. Basi Desemba ile sikuwa na budi kupanda nyumbani. Mama alifungua sanduku lake la bati, akapangua vitenge vyake vya kutokea, na chini kabisa akatoa karatasi iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa na jina langu, tarehe, majina ya wazazi na ya wadhamini, pamoja na sahihi ya mchungaji. Nilibatizwa nikiwa na wiki saba.

"Mama, huyu mdhamini wa pili ni nani?" niliuliza.

"Ni yule bibi aliyekuwa akiuza ndizi hapo njia panda. Hakujua kusoma, mwanangu, ila ndiye aliyekubeba mpaka mbele."

Niliisoma karatasi ile mara tatu, na kama mtu aliyezoea kuogopa vyeti nilijikuta nikitafuta mahali palipoandikwa alama. Hapakuwapo. Nilikuwa nimetajwa kwa jina, nikapokelewa, nikaandikwa kitabuni, kabla sijaweza kufaulu wala kufeli jambo lolote, hata kukaa bila kuegemezwa. Nikakumbuka Isaya 43: "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Nilikuwa nimeikariri aya hiyo nikiwa mwanafunzi wa Kipaimara, lakini sikuwahi kujiuliza niliitwa lini.

Usiku ule nilitafuta Katekisimu Ndogo, kile kitabu ambacho Luther alikitoa mwaka 1529 na ambacho watoto wa Kilutheri hukikariri kwa kuogopa kurudishwa darasani. Maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani ya Mitume yanaanza kwa mtu kukiri kwamba Mungu amemwumba yeye pamoja na viumbe vyote, kisha yanataja mwili na roho, macho, masikio, viungo, akili, hata nguo na chakula, na kuelekea mwisho yanasema kwamba hayo yote hutolewa kwa wema wa Baba tu, pasipo mtu kustahili. Miaka yote nilikuwa nimeyapita maneno hayo ya kutostahili kana kwamba ni unyenyekevu wa desturi. Sasa niliyasikia kama habari njema: ikiwa sikupewa kwa kustahili, basi hakuna matokeo yanayoweza kuninyang'anya.

Nisieleweke kwamba niliamka asubuhi nikiwa mtu mpya. Niliporudi mjini bado nilijificha kila nilipomwona mtu wa kwetu. Aliyenisaidia kuvuka alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, ambaye jioni moja katika jumuiya alitusomea 2 Samweli 9, habari za Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, aliyeangushwa na yaya akiwa na umri wa miaka mitano akawa kiwete. Daudi anamwita kutoka Lo-debari, naye anafika akijiita mbwa mfu, na mfalme habishani naye. Anaagiza tu kwamba atakula mezani pake siku zote. Mwinjilisti akatuuliza sura inaishaje. Tulidhani inaishia kwenye karamu. Inaishia kwa kusema kwamba Mefiboshethi alikuwa kiwete miguu yote miwili. Alikula meza ya mfalme, na miguu ikabaki ilivyokuwa.

Nilichukua wiki kadhaa kukubali kwamba hilo lilinihusu, kwa maana nilikuwa nikimsubiri Mungu aifute sifuri kwanza ndipo nijione mwanawe. Nilipoacha kusubiri, nilianza na jambo dogo lililonitia jasho: katika jumuiya ileile niliomba kusema, nikaeleza kwamba sikuwahi kusoma uhasibu. Mzee mmoja alikohoa. Mama mwenye nyumba akauliza kama kuna ambaye hajapata chai. Baadaye nilimpigia mama simu, akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba alijua tangu mwaka wa pili, kwa sababu sikuwahi kumwomba ada.

Desemba iliyofuata nilipanda mlimani bila kitu kipya cha kuonyesha, zaidi ya kitambulisho. Tulipokuwa tumeketi kwenye ndizi na nyama, baba mdogo, aliyekuwa amekuja na gari jipya, aliniuliza mbele ya wote chuo kimefikia wapi.

"Sikusoma chuo, baba. Nilipata sifuri, nauza vitenge."

Alinitazama, akatazama sufuria, kisha akanisogezea sahani.