Siku moja na wembe: kuchanja mkate kabla ya kuoka

Saa 11 alfajiri. Hapa Nyegezi, Mwanza, bado kuna ubaridi wa ziwa, kwa hiyo maji ya kukandia yawe vuguvugu. Unga wa ngano kilo 1, maji gramu 650, chumvi gramu 20, hamira ya chenga gramu 6. Nakanda dakika 10, nafunika.

Saa 1 na nusu asubuhi. Unga umeumuka, umekuwa mara mbili ya ulivyokuwa. Nagawa madonge 4, kila moja karibu gramu 420: mawili ya duara, mawili marefu. Hapa ndipo watu hulegeza mkono. Juu ya donge pasipovutwa pakakaza, wembe utakokota na chale haitafunguka. Mshono unakaa chini. Nafunika kwa kitambaa kibichi, maana upepo ukikausha juu, chale hutoka na kingo zenye mikwaruzo.

Saa 2 na robo. Nabonyeza kwa kidole. Kishimo kikirudi upesi, bado. Kikirudi polepole na kubakiza alama, tayari. Kisiporudi kabisa, limepitiliza: chanja juu juu tu, la sivyo litanywea mbele ya macho yako. Oveni yangu inabeba mikate miwili, hivyo mawili naingiza kwenye friji. Donge la baridi ni gumu kidogo na huchanjika vizuri zaidi.

Saa 2 na nusu. Wembe mpya wa kunyolea, ule wa dukani. Kisu cha jikoni, hata kikinolewa, mimi sikiamini.

Dakika za kwanza za moto, gesi iliyomo hutanuka kwa nguvu. Usipouonyesha mkate pa kufungukia, utajichagulia wenyewe, mara nyingi ubavuni karibu na kitako. Tena hutanuka kukingama na chale. Donge la duara likichanjwa mistari mitatu sambamba linatoka na umbo la yai. Likichanjwa msalaba, linafunguka sawa pande zote. Donge refu likikatwa mikato mifupi ya kukingama huzidi kurefuka. Likipewa chale moja kutoka ncha hadi ncha, hupanuka ubavu.

Chale hiyo moja ndiyo yenye ufundi. Laza wembe, pembe ya nyuzi 30 hivi, kina cha nusu sentimita hadi sentimita 1, pembeni kidogo ya katikati, mkono mmoja bila kusita. Ngozi nyembamba iliyokatwa hunyanyuka na kuwa ukingo mkavu unaokatika kwa kelele. Ukisimamisha wembe wima, chale inafunguka pande mbili na ukingo haunyanyuki.

Oveni nyuzi 230. Mikate inafunikwa kwa sufuria dakika 20 ili mvuke wake ulainishe ganda. Bila mvuke, chale huziba mapema na kazi yote inapotea. Nafunua, dakika 20 nyingine. Kisha jozi ya friji.

Saa 5. Imepoa, naikagua. Mmoja wa duara umepasuka kando: mkono mmoja wa msalaba ulikuwa mfupi, haukufika kwenye bega la donge.

Saa 12 jioni. Wembe umefutwa, umepakwa mafuta kidogo usishike kutu. Una pembe 4. Leo mbili zimekwisha makali.