Mchuzi Usiokaangiwa Kitunguu

Jumapili, usiku

Wiki hii nimerudisha mbaazi mezani. Si sahani nzima ya mbaazi za nazi kama zile tunazonunua asubuhi pamoja na maandazi hapa Tanga. Ni vijiko viwili tu juu ya wali mweupe, mchana, siku ambayo sikuwa na safari. Usiku tumbo likanguruma kidogo, kisha likatulia. Siku iliyofuata nikaongeza. Kwa mtu mwenye tumbo kama langu hiyo ni habari kubwa, ndiyo maana nimekaa kuiandika kabla sijalala.

Ninaishi na IBS, yaani tatizo la muda mrefu la utumbo linaloleta maumivu, gesi na choo kisichotabirika. Kwa miaka mingi sikulijua jina hilo. Niliambiwa ni taifodi, mara amiba, mara minyoo, mara vidonda vya tumbo, na kila mara nikarudi nyumbani na dawa mpya. Nilizimeza zote kwa imani. Tumbo lilipoa siku chache, kisha likarudia mchezo wake: kujaa gesi hadi kanga inakuwa nzito kiunoni, msokoto chini ya kitovu, wiki moja kuendesha na wiki nyingine choo hakipatikani kabisa. Anayepanda basi la Tanga kwenda Dar akiwa na tumbo la namna hiyo hahesabu kilomita, anahesabu vyoo.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja aliyeuliza kabla ya kupima. Maumivu yanakuja lini? Ukishapata choo yanapungua au yanazidi? Choo kimebadilika, kwa idadi au kwa umbile? Unaamshwa na maumivu usiku? Umekonda bila sababu? Umeona damu? Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anafuata njia inayojulikana. Vigezo vya Roma IV, ambavyo madaktari huvitumia kuitambua IBS na vilivyotolewa mwaka 2016, vinataka maumivu ya tumbo walau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yakiambatana na mawili kati ya haya: yanahusiana na kupata choo, choo kimebadilika idadi, au kimebadilika umbile. Na dalili ziwe zilianza angalau miezi 6 nyuma. Alinipima pia damu na choo, maana kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya dalili hizi hizi. Ndugu msomaji, ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila kukusudia, ukipungukiwa damu, au mambo haya yakikuanza ukiwa umeshavuka miaka 50, usianze kubadilisha chakula kwa kunisoma mimi. Nenda hospitali kwanza.

Jambo lililonituliza zaidi ni kuambiwa kwamba IBS si saratani na haigeuki kuwa saratani. Utumbo wangu ukitazamwa kwa kamera hauna kidonda. Shida iko kwenye mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Neva za utumbo zinasikia mno. Gesi ambayo mwenzangu haimstui, mimi inanikunja. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli, hata kama kipimo kimerudi kisafi. Nililia siku niliposikia hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuamini waliosema ninajiendekeza.

Kisha ndipo tukaja kwenye chakula.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, huko Melbourne, Australia, ndio waliotengeneza utaratibu wa kula kwa kupunguza FODMAP. Kwa maneno ya jikoni, FODMAP ni kundi la sukari na wanga wa aina fulani ambao utumbo mwembamba haunyonyi vizuri. Zikipita humo zinavuta maji. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanazichachua na gesi inatoka, utumbo unatanuka kama mpira wa baiskeli unaojazwa upepo. Jambo hilo linamtokea kila mtu. Sisi wenye IBS ndio tunaolisikia kwa ukali. Utaratibu una hatua tatu: kupunguza vyakula hivyo kwa wiki 2 hadi 6, kisha kuvirudisha kundi moja moja, halafu kujipangia chakula chako cha kudumu.

Nilipopewa orodha ya kuacha, moyo uliniuma. Ngano, kwa hiyo chapati na maandazi. Maharage, choroko, kunde, mbaazi. Maziwa. Embe, tena msimu wa dodo umeshaanza. Tikitimaji. Asali. Lakini orodha ya ruhusa niliposoma mara ya pili niliona kwamba nusu yake iko sokoni kwetu tayari, bila kuagiza kitu cha duka la wageni. Wali. Ugali wa sembe. Mtama. Viazi mbatata. Mayai, kuku, na samaki wote ninaoweza kununua pale Deep Sea asubuhi. Karoti, matango, bilinganya. Machungwa, mananasi, mapapai. Ndizi ambayo bado ngumu kidogo, kwani ikiiva sana fruktani zake, aina mojawapo ya wanga huo, huongezeka. Na vitumbua! Vitumbua ni mchele. Vilinishika mkono asubuhi nyingi ambazo ningeshindwa.

Kilichonishinda ni kitunguu.

Mtu asiyepika kwetu hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Mchuzi unaanza kwa kitunguu, pilau inapata rangi yake kwa kitunguu, mchicha unaungwa kwa kitunguu, kachumbari ni kitunguu chenyewe. Ukialikwa shughulini, sufuria zote zimeshaanza na kitunguu kabla hujavuka kizingiti. Kutoa vipande vyake ukaacha mchuzi hakusaidii, kwa sababu fruktani za kitunguu zinayeyuka kwenye maji, na mchuzi ni maji. Hata vile vidonge vya mchuzi tunavyotupia sufuriani, soma pakiti, mara nyingi utakuta unga wa kitunguu humo.

Ila fruktani haziyeyuki kwenye mafuta. Kanuni hiyo ndogo ndiyo iliyonirudishia jiko langu. Sasa napika hivi. Naweka mafuta, moto mdogo, natia punje za saumu nzima zilizopondwa kidogo kwa ubapa wa kisu. Naziacha mpaka zianze kugeuka rangi ya dhahabu na nyumba yote inukie, kisha natoa kila punje, hakibaki hata kipande. Ndani ya mafuta hayo naweka tangawizi, binzari, nyanya zilizokunwa. Samaki nguru anaingia akiwa ameshakaangwa nusu. Mwisho tui jepesi, ndimu, na majani ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu, kwani hiyo hainisumbui. Mafuta hayo ya saumu usiyahifadhi kabatini. Tengeneza ya kutumia siku hiyo hiyo, kwani saumu ikikaa kwenye mafuta nje ya friji inaweza kuzalisha sumu ya hatari.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Pangani nikiwa katikati ya hatua hiyo ya kwanza. Alisimama mlangoni mwa jiko, akatazama sufuria, akanitazama.

"Mwanangu, mchuzi huu utashikana na nini bila kitunguu?"

"Onja kwanza, mama."

Akachota kwa ncha ya mwiko, akamimina kiganjani, akalamba. Akanyamaza. Akachota tena.

"Saumu ipo."

"Ipo harufu yake, mama. Yenyewe nimeitoa."

Hakuuliza zaidi. Kesho yake alishika jiko yeye. Bila mimi kusema neno, nikamkuta ametenga vipande vyangu vya samaki na nyanya kwenye kisufuria kidogo kabla hajatia kitunguu kwenye sufuria kubwa. Nimesoma makala nyingi za lishe, lakini hakuna iliyowahi kunieleza kwamba kupona kwa tumbo kunaweza kutegemea mtu mwingine kukubali kuosha sufuria moja ya ziada. Kwetu hatuli kila mtu na sahani yake. Ukibadilisha chakula chako, umegusa sinia la watu wote, na unahitaji wakuelewe.

Kuhusu maziwa sikupata shida ya kuamua. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji yapo mabadiliko ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kumeng'enya sukari ya maziwa. Mimi ni mtoto wa wavuvi. Chai ya maziwa niliipenda, yenyewe haikunipenda. Sasa nakunywa chai ya rangi yenye tangawizi, na si zaidi ya vikombe vitatu kwa siku, kwa kuwa kafeini nayo huuharakisha utumbo. Mtindi kidogo tumbo linaupokea.

Ninachotaka kukisema kwa nguvu zote ni hiki: hatua ya kwanza si mahali pa kuhamia. Nimekutana na watu walioacha vyakula chungu nzima, tumbo likatulia, wakaogopa kurudisha hata kimoja. Wanakula wali na samaki mwaka mzima. Hapana. Vyakula hivi tunavyoviacha ndivyo vinavyowalisha bakteria wazuri wa utumbo, na maharage ndiyo protini ya nyumba nyingi hapa kwetu. Tunaacha ili tujue kipi cha kurudisha na kwa kiasi gani. Ndiyo maana mbaazi za wiki hii zimenifurahisha kuliko kutulia kwenyewe. Nililoweka usiku kucha, nikamwaga maji yale, nikachemsha kwa maji mapya, kwa sababu sehemu ya sukari zile huondoka na maji ya kulowekea. Embe nimelijaribu pia: vipande vichache salama, tunda zima hapana. Kitunguu kibichi bado ni adui. Naandika kila kitu kwenye daftari: nilichokula, saa ngapi, tumbo lilisema nini, nililala vipi, nilikuwa na mawazo au la. Hilo la mawazo liko kwenye daftari kwa makusudi, kwani kuna siku nimekula sawasawa na tumbo likavurugika kwa sababu ya ada ya shule tu.

Kuna mambo mengine madogo yanayonisaidia: kutoruka mlo, kutafuna polepole, kutembea kidogo jioni. Ramadhani ndiyo inayonipa mtihani, kwa vile tumbo linakaa tupu mchana kutwa halafu linapokea futari yote kwa pamoja. Mwaka huu nilifuturu kwa uji wa mtama na papai, nikaswali, kisha ndipo nikala viazi na samaki. Ilinisaidia sana.

Kundi linalofuata ni ngano. Nitaanza na nusu chapati, Jumanne, mchana, mume wangu akiwa nyumbani.