Mashine ya umeme iliniumiza kwanza, ndipo ikanisaidia

Jumamosi nilikimbia mteremko mrefu. Kufika Jumatatu, ngazi nilizishuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta. Wafanya mazoezi wanayajua maumivu haya: hayaji siku ileile, bali huanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mteremko ndio unaoyaleta zaidi, maana msuli wa paja unajikaza wakati huohuo unavutwa.

Mashine ya umeme ya kubandika mwilini nilikuwa nayo. Mwenzangu wa mazoezi akanielekeza: "Weka programu ya kujenga misuli, pandisha mpaka uume meno. Isipouma, ujue haifanyi kazi." Nikamwamini. Paja likakaza likawa gumu kama gogo, likaachia, likakaza tena, kwa dakika 20 nzima. Nilipoamka kesho yake maumivu yalikuwa yameongezeka. Ushauri ule nausikia mpaka leo watu wakipeana, na unanikera kwelikweli. Programu ya namna hiyo hupeleka mapigo 50 kwa sekunde au hata zaidi, kasi ambayo haiuachii msuli nafasi ya kulegea kati ya pigo na pigo. Msuli uliochoka unatwishwa kazi nyingine nzito!

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenitenganishia mambo. Mashine hizi hutoa umeme wa namna mbili. TENS hugusa mishipa ya fahamu inayobeba hisia, kwa hiyo kazi yake ni kutuliza maumivu. EMS huugusa mshipa unaouamrisha msuli, na msuli wenyewe ukacheza. Kwa kupumzisha misuli, akasema, shuka hadi mapigo machache tu kwa sekunde, hata chini ya 10, msuli uwe unarukaruka taratibu bila kushikana. Mashine yangu ilikuwa na programu hiyo siku zote. Sikuwahi kuifungua.

Lakini hata kwa programu hiyo, mara ya kwanza ngozi ilinichoma na msuli ukalala kimya. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ninachojivunia. Mshipa wa fahamu huingia kwenye msuli mahali fulani, na ukibandika juu ya mahali hapo umeme kidogo tu unatosha. Nikakiacha kibandiko kikubwa juu ya paja, kile kidogo nikakiweka juu ya goti upande wa ndani, kwenye ule msuli unaofura ukinyoosha mguu. Nikapandisha umeme polepole mpaka msuli ukashtuka: namba 14 kwenye mashine. Nikazima, nikasogeza vidole viwili kwenda juu, nikaanza upya: 11. Nikazima tena, nikasogeza nje kidogo: 17. Nikarudi ndani: 8! Kwa namba 8 msuli ulikuwa unadunda vizuri na ngozi haikuhisi mchomo wowote. Nikapatia alama ya kalamu. Ila usije ukasogeza kibandiko wakati mashine inafanya kazi. Kikibanduka nusu, umeme wote unajazana kwenye sehemu ndogo iliyobaki na unachoma kama sindano. Ngozi yenye mafuta au jasho nayo inaleta shida hiyohiyo.

Nilitaka kujua kama najidanganya. Baada ya mbio nyingine za mteremko nikaufanyia mguu wa kulia peke yake, dakika 25, wa kushoto nikauacha. Jioni ile na kesho yake asubuhi wa kulia ulikuwa mwepesi, naukunja bila kuguna. Ila nilipojaribu kuchuchumaa kwa mguu mmoja, yote miwili iliishia hesabu ileile. Kwa hiyo maumivu yalipungua, nguvu hazikurudi haraka zaidi. Kwangu hilo latosha kabisa, kwa kuwa maumivu yakipungua nalala.

Mwenye kidhibiti mapigo ya moyo asiiguse mashine hii. Mjamzito na mwenye kifafa wamuulize daktari kwanza. Kifuani na mbele ya shingo hapabandikwi kamwe. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na linauma, nenda hospitali. Huenda ni damu iliyoganda.

Paja la kushoto lilinitaka nianze kutafuta upya, maana mahali pake pako juu kidogo kuliko pa kulia. Alama zote mbili zinafifia nikioga, kwa hiyo kila Ijumaa jioni huzikoleza wino kabla ya mbio za Jumamosi.